Tovuti ya madrasa ilivyogeuka ukumbi wa kamari, na bibi wa watu akabandikwa jina la Bi. Jakpoti

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu waliodukuliwa, na kila uzi una jamaa wa mbali aliyejifunika kofia gizani. Wangu hauna mtu huyo. Wangu una bibi wa Kibokoni, mwenyekiti mwenye ndevu za hina, na fundi simu anayeipenda seva yake kuliko ndugu zake. Majina nimebadilisha na madrasa sitaitaja. Yaliyobaki ni kweli tupu, na pale ambapo sikuwepo nitasema niliambiwa.

Niiteni Katana. Kwetu ni Kaloleni, kanisani naenda Jumapili nikiamka, na kazi yangu ni kuangalia kompyuta na seva za ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Kazi hii ina sifa moja tu: vitu vikienda sawa hakuna anayejua upo.

Nimepanga chumba cha juu kwa Bi. Zuhura, hapo Kibokoni, Mji wa Kale. Nyumba ya zamani, ngazi zake zimesimama wima kiasi kwamba mlevi hawezi kuishi pale. Nadhani waliojenga walikusudia.

Bi. Zuhura ni mjane, umri wake sabini na ushei. Amesomesha wasichana madrasa ya mtaani kwetu tangu mimi sijazaliwa. Nusu ya wanawake wa mtaa wamejifunza kusoma kwake, na nusu nyingine ni binti zao. Ukimwona mama wa heshima zake, mwenye duka na gari, anaficha jojo mdomoni ghafla njiani, basi jua Bi. Zuhura anapita.

Mwanawe alimletea simu nzuri, lakini kuandika kwa vidole hataki. Yeye huiambia. Huisogeza mdomoni na kuiamuru kama anavyomwamuru mjukuu: "Nitafutia madrasa yetu." Nayo humtafutia.

Shikeni hapo, maana uzi wote umesimama juu ya jambo hilo.

Sasa, madrasa ina tovuti. Ratiba za darasa, matokeo ya mitihani, picha za watoto siku ya maulidi. Aliyeitengeneza ni Swaleh, ana kibanda cha simu karibu na Ngome ya Yesu, anawauzia watalii chaja kwa bei ambayo Mreno mwenyewe aliyeijenga ngome angeona haya kuitaja. Kijana mzuri, mchangamfu, na kazi ya tovuti alifanya kwa kujitolea. Lakini ana ugonjwa mmoja. Ukimuuliza habari ya seva, yaani kompyuta inayoibeba tovuti, atakwambia: "Tangu niiwashe haijawahi kuzimwa." Anasema hivyo kama mtu anayesifia ngamia aliyevuka jangwa bila kunywa.

Sisi wa kazi hii tukisikia seva haijawahi kuzimwa hatupigi makofi. Tunajiuliza hivi viraka vya usalama huwa inawekewa saa ngapi, maana kuviweka hutaka izimwe na kuwashwa.

Twende.

Siku moja Bi. Zuhura alitaka kuangalia matokeo ya wasichana wake. Akaiambia simu, simu ikamtafutia, akabonyeza jina la madrasa. Badala ya watoto na juzuu zao, akatokea msichana aliyevaa nia njema tu, kakumbatia mashine ya kamari, na sarafu zinamwagika kwa muziki. Maandishi ya lugha ya mbali. Bi. Zuhura akaifunika simu kwa mto wa kochi mpaka iliponyamaza.

Mwingine angekaa kimya. Yeye alikwenda kwenye mkutano wa kamati akasimama akasema, "Mtandao wetu una kamari ndani."

Haya niliyasikia kwake na kwa watu wawili wengine, nao maelezo yao yanalingana. Mwenyekiti, Mzee Athmani, alitoa simu yake, akaandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi, na ikafunguka safi. Watoto, juzuu, kanzu nyeupe. Akaizungusha simu kwa wajumbe wote waone. Swaleh naye, kwa kuona kazi yake imetiwa doa, akasema kwa mzaha, "Bibi, simu humpeleka mtu anakopenda kwenda."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya sana, kile cha kikao kirefu chenye joto. Lakini Mji wa Kale una kuta za matumbawe na masikio ya karatasi. Kufikia magharibi ilikuwa Bi. Zuhura kaona kamari. Kesho yake ilikuwa Bi. Zuhura anacheza kamari. Mwisho wa wiki vijana wa kwenye baraza walikuwa washambatiza: Bi. Jakpoti.

Mimi nilicheka pia niliposikia jina hilo mara ya kwanza, kabla sijajua ni nani. Ni jina zuri, tusidanganyane.

Kisha likaacha kuchekesha. Baadhi ya wazazi walimwendea mwenyekiti, wakasema hawana neno na bibi wa watu, ila umri umekwenda, na wasichana ni amana. Mwenyekiti akaja nyumbani, akanywa kahawa, akasifia kahawa, akamwomba Bi. Zuhura "apumzike kidogo" kufundisha.

Jioni hiyo hakushuka kwenda ufukweni, pale Mama Ngina, kula mihogo ya kuchoma na wenzake, kitu ambacho hakosi hata mvua ikinyesha. Wala kesho yake. Jioni moja nilitoka kazini nikamkuta sebuleni, taa hajawasha, juzuu za wasichana zimepangwa mezani hazina wa kuzisoma.

"Masalkheri, Mama," nikamwambia.

"Masalkheri. Katana, mwanangu, ndoo unitezamie hii simu. Nambia kweli, usinionee haya. Ni simu au ni mimi?"

Nikakaa. Nikaandika anwani ya tovuti. Safi. Nikaandika tena. Safi kama leso ya Idi. Nikamwangalia, naye akaona ninavyomwangalia.

"Na wewe pia," akasema taratibu. "Haya. Mimi kamari siyui hata yatezwaje, lakini mato yangu nayajua."

Wakuu, nilitaka kupotea. Nikamwomba afanye vilevile alivyofanya siku ile, asiruke kitu. Akachukua simu, akaisogeza mdomoni: "Nitafutia madrasa yetu."

Majibu yakaja. Na hata kabla hajabonyeza nikaona. Chini ya jina la madrasa, pale ambapo huwa kuna maelezo mafupi, palikuwa na bonasi ya kumkaribisha mchezaji mpya. Akabonyeza. Msichana, mashine, sarafu, muziki.

Akabonyeza mara ya pili. Watoto na kanzu zao.

Kwa wasiokuwa wa fani, nieleze haraka. Mdukuzi akiingia kwenye tovuti ya watu siku hizi haivunji. Anapanga chumba. Anaweka kipande cha programu kinachomtazama kila mgeni anayekuja. Ukija moja kwa moja kwa kuandika anwani, basi wewe huenda ndiye mwenye nyumba, unaonyeshwa madrasa. Ukija kwa kutafuta, wewe ni mgeni, unaonyeshwa kamari. Na ukishaonyeshwa mara moja simu yako inawekewa alama ya siku kadhaa, usionyeshwe tena, usije ukarudi na shahidi. Bibi wa watu alikuwa anasema kweli, na tovuti ilitengenezwa makusudi ili asiaminiwe.

Sikuingia ndani ya seva ya mtu, hiyo ni jinai, msije mkanishtaki humu. Nilitazama tu yale ambayo mgeni yeyote anaweza kuyatazama. Ukurasa wenyewe ulikuwa unatangaza toleo la programu inayouendesha, na lilikuwa la kizamani. Tundu lake lilikwisha julikana dunia nzima, kiraka kimetolewa bure, kinahitaji mtu mmoja tu abonyeze. Hakubonyeza, kwa sababu seva haizimwi.

Nikatafuta kwa simu yangu nayo, nikarekodi video nzima, kuanzia kutafuta mpaka sarafu. Nikamwambia Bi. Zuhura, "Mama, tuirushe hii kwenye grupu la wazazi sasa hivi. Watakuja kukuomba radhi wamepanga foleni."

Akafikiri. Akasema, "Hapana. Ukiituma, watu wataona kamari ndani ya madrasa. Hiyo seva yako hakuna atakayeiona. Watawaondoa watoto wao, na wasichana wangu ndio watakaotangulia kutolewa. Kwanza mwenyewe aambiwe."

(Kuna mmoja keshanitumia ujumbe pembeni kuuliza ni madrasa gani. Ndugu yangu, nimesema sitaji. Endelea kusoma.)

Nikamfuata Swaleh kibandani. Nikamwonyesha video. Akaitazama mpaka mwisho, halafu akasema, "Siku hizi video zaundwa, Katana."

"Tafuta mwenyewe basi, kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti."

Hakutafuta. Akaanza kupanga chaja zilizokuwa zimepangwa tayari. Kisha akasema kilicho moyoni, na nikamwelewa: "Wajua nilifanya update mara moja? Picha zote za maulidi zikapotea kwenye ukurasa. Mzee alinipigia kelele mbele ya watu, mbele ya baba yangu. Nikasema basi, sigusi tena. Kitu kinafanya kazi, kukigusa kwa nini?"

Wakuu, hili ndilo linaloua seva nyingi kuliko wadukuzi. Mtu kafanya update, kitu kikavunjika, akatukanwa. Asipofanya hakuna anayemtukana. Sasa wewe ungechagua lipi?

Tukabaki na mwenyekiti. Bi. Zuhura akasema tutakwenda wote, na tukaenda baada ya sala ya alasiri, tukamkuta barazani kwake. Mimi nikaeleza. Mzee Athmani akanisikiliza kwa heshima zote ambazo mtu humpa mpangaji. Kisha Bi. Zuhura akamwambia, "Athmani, usiandike anwani. Itafute, kama anayetoka mbali asiyetujua."

Akaitafuta. Akabonyeza.

Mzee alivua kofia yake akaifunika simu. Muziki wa sarafu ukaendelea chini ya kofia, na mimi nikatazama paa la jirani maana ningecheka ningehama nyumba siku ileile.

Muziki ulipokwisha akasema tovuti itengenezwe mara moja, lakini kimya kimya. Jumamosi kulikuwa na mgeni, mwanafunzi wa zamani aliyeko Muscat, anakuja kuona kama atawajengea wasichana darasa jipya. Hili jambo lisivuje.

"Na mimi?" Bi. Zuhura akauliza.

"Maneno ya watu hupita, Zuhura."

Bi. Zuhura akajifunga buibui vizuri, tukaondoka. Tulipofika kwenye kona ndipo akaniambia, bila kunitazama, "Maneno hupita. Sawa. Yakipita, yapita juu ya nani?"

Swaleh alipoitwa na mwenyekiti alinyong'onyea, na kwa aibu akafanya update yote kwa pupa. Nikamwambia, kiraka hufunga tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Ukitengeneza mlango na mwizi yuko chumbani, umemfungia ndani na wewe. Seva ile ilitaka kufutwa na kujengwa upya. Akasema hakuna nafasi, mgeni anakuja, na hata hivyo yeye katafuta na hakuona kitu. Bila shaka hakuona. Simu yake ndiyo anayoingilia kwenye seva, na programu ya mwizi ilikwisha kuiwekea alama ya mwenye nyumba.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, udi unafukizwa. Mimi niliombwa na Bi. Zuhura nimsindikize, nikakaa nyuma karibu na viatu. Yeye alikaa ukutani, na viti viwili vya kila upande wake vilikuwa vitupu. Hakuna aliyemfukuza. Watu walikaa tu mahali pengine.

Mgeni alikuwa mtu mpole, kanzu ya Kiomani, miwani. Mwenyekiti akahutubia, akaitaja tovuti kwa kupitia tu, na mgeni akafurahi. Akasema angependa mkewe huko Muscat aione sasa hivi. Akatoa simu. Akatafuta.

Simu ya mtu aliyetoka uwanja wa ndege, wakuu, sauti huwa juu kabisa.

Sarafu zilimwagika ukumbi mzima. Mwanamke akakaribisha wageni kwa lugha ya mbali, kwa sauti ya mahaba. Mgeni alibonyeza kila kitu kinachobonyezeka na sauti ikazidi. Imamu akakohoa kikohozi kirefu kisicho na homa. Mtu akasema astaghfirullahi. Hatimaye mgeni akaikalia simu.

Muziki ukafa. Jasho linamtoka. Huku kwetu nyuma kijana mmoja akanong'ona, "Tumempata na mume wa Bi. Jakpoti." Wenzake wakaanza kutikisika mabega. Nikaona kitakachofuata: kufikia magharibi mgeni huyu naye atakuwa na jina.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa ameshika kipaza sauti. Aliyesimama ni Swaleh.

"Simu ya mgeni haina makosa," akasema. "Ni seva yetu. Imeingiliwa, na mwenye kuishika ni mimi. Nilikuwa siiwekei viraka. Bi. Zuhura alituambia mwanzo kabisa, nami nikamfanyia mzaha. Aliyoyaona ni haya haya mliyoyasikia."

Akabaki amesimama, hajui akae au aondoke.

Mzee Athmani akakishusha kipaza sauti, kisha akakipandisha tena. "Na mimi niliiona kwa macho yangu wiki hii, barazani kwangu. Ningesema mapema. Nilinyamaza ili leo ipite vizuri." Akaugeukia upande wa wanawake. "Bi. Zuhura, nakuomba radhi mbele ya walionisikia nikikutaka upumzike."

Watu wote wakageuka kumtazama. Bi. Zuhura alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjua na kukunja ncha ya mtandio wake. Mama mmoja wa makamo, yule yule mwenye duka na gari, akainuka akaja kukaa kiti cha pembeni yake. Akafuata mwingine. Wa tatu akakosa kiti akakaa chini mkekani.

"Nimesikia, Athmani," Bi. Zuhura akasema. "Endelea na mkutano, mgeni asikae na kiu."

Basi. Hakuhutubia, hakulia. Tulipofika nyumbani ndipo nilimsikia chumbani kwake, na nikapanda ngazi taratibu nisimsumbue.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwisha kwa haluwa. Mgeni alicheka mwishowe na kuaga vizuri, lakini darasa la wasichana halijaanza kujengwa. Anasema bado anafikiri. Familia mbili zilihamisha watoto. Na kwenye majibu ya kutafuta, bonasi ile iliendelea kukaa chini ya jina la madrasa muda mrefu baada ya sisi kusafisha, maana mitandao ya kutafuta husahau polepole kama mashemeji.

Kusafisha tulifanya mimi na Swaleh, kibandani kwake, mchana kweupe, watalii wakituuliza njia ya kwenda Ngomeni. Tukafuta seva yote. Nakala za akiba nazo zilikuwa zimeoza, mwizi wetu alikuwa kakaa humo siku nyingi. Tukachukua maandishi na picha tu, moja moja, na hata katika picha tulikuta faili iliyojiita picha ya maulidi kumbe ni programu ya mwizi. Nywila ilikuwa jina la madrasa na moja mbili tatu. Hapo niliomba maji ya kunywa.

Tukaweka toleo jipya la kila kitu. Na nitoe haki kwa mwenye haki: ukurasa wa picha ulivunjika kweli, vilevile kama alivyosema. Swaleh akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Tukatafuta programu nyingine ya picha, ikatusumbua, ikakubali. Sasa ana nakala ya tovuti pembeni. Update inajaribiwa huko kwanza, ikivunja inavunja huko, halafu ndiyo inaingia kwenye yenyewe. Kazi hiyo inafanywa Alhamisi, siku ambayo madrasa haisomeshi.

Bi. Zuhura amerudi darasani. Jina la Bi. Jakpoti bado lipo, Mji wa Kale haurudishi kitu ulichokwisha kupewa, ila sasa vijana wanalisema kwa adabu na mbali naye. Na kuna sharti alilotoa kwa kamati kabla ya kurudi: kila Alhamisi Swaleh amjulishe kazi imefanyika. Asipojulishwa, anapiga simu mwenyewe. Hajui seva ni nini, anadhani ni aina ya friji, lakini Swaleh anamwogopa kuliko wadukuzi wote wa dunia.

Nilichojifunza nakisema kwa kifupi. Kitu kinachofanya kazi si lazima kiwe kinakufanyia kazi wewe. Weka viraka mapema, jaribu pembeni kwanza, na mtu akifanya update kitu kikavunjika, msimtukane, mtalipia baadaye. Na mtu mzima akikwambia ameona kitu ambacho wewe hukioni, muulize kwanza alipitia njia gani.

Sasa zamu yenu. Wenye tovuti za shule, za makanisa, za vikundi vya akina mama, zitafuteni hivi sasa kama mtu asiyewajua, kwa simu ambayo haijawahi kuingia, mje mtuambie mmekuta nini. Punguzeni sauti kwanza.